Aoko Hataki Kurudi

Tulipomwacha Kageha, mikono yake ilikuwa imejaa mafuta mpaka kwenye viwiko. Mtoto aliyekuwa amembana katikati ya magoti, akimpaka kichwani huku akimgombeza mwingine, alikuwa amegeuka na kumwambia kwa adabu kabisa:

"Mama Tom, mama yangu hutumia mafuta ya nazi."

Kageha alimtazama. Kipara kilikuwa kipara cha Aoko. Rinda lilikuwa rinda la Aoko, lile la maua ya manjano, lililotoka kwenye jora moja ambalo nusu ya nyumba ilikuwa ikilivaa. Lakini uso ulikuwa wa mtu mwingine.

Na papo hapo sauti nene ikaita kutoka nje: "Hodi humu ndani!"

Ikiwa gazeti hili limekufikia leo kwa mara ya kwanza, pengine likiwa limefungiwa samaki, usihofu. Kageha ni fundi cherehani wa Nyalenda, mtaa wa Kisumu. Alikuwa mjane kutoka Maragoli, akaolewa na Dalmas, fundi wa meli pale bandarini, ambaye naye alikuwa amefiwa na mkewe Risper. Kageha alikuja na watoto wake, Dalmas alikuwa na wake, Aoko akiwa mdogo wao, kisha wakapata mmoja pamoja, na mpwa mmoja akaja kusalimia wakati wa likizo na hajaondoka mpaka leo. Jumla ni wanane. Siku hiyo aliwapeleka wote ziwani kufua nguo na kuoga, baada ya kuwanyoa vichwa tayari kwa kufunguliwa shule.

Na huyo anayepiga hodi ni Benta wa Bondo, dada mkubwa wa marehemu Risper. Alikuwa ametuma habari kwamba anakuja "kuona watoto wa dada yangu wanaishi vipi." Nyalenda nzima ilijua maana yake. Benta anakuja kuwachukua.

Basi mwanamke anayejiita mama wa watoto wanane alikuwa amempaka mafuta wa tisa, amemkaripia kwa kutingishika, na hata kumpangusa kamasi, bila kujua ni wa nani. Kageha alijisemea moyoni kwamba hata kuku wake mwenyewe angefanya vizuri zaidi.

"Wewe ni nani?" alinong'ona.

"Saumu."

"Saumu wa nani?"

"Wa Mama Zeituni wa Kaloleni. Tulikuwa tunafua karibu na nyinyi."

"Na Aoko yuko wapi?"

"Kwetu," alisema Saumu, kana kwamba anaulizwa habari za mvua. "Tumebadilishana."

"Hodi!" Sasa mlango ulikuwa umeanza kusukumwa.

Kageha akafungua kinywa apige kelele. Lornah akamziba.

Lornah alikuwa kifungua mimba wa Risper, msichana wa miaka kumi na mitano mwenye macho ya kupima watu. Tangu Kageha aingie katika nyumba ile hajawahi kumwita mama. Alimwita Mama Tom, kwa jina la mtoto wake, kama wafanyavyo majirani. Na hapo Kageha alitarajia kwamba msichana huyu ndiye wa kwanza atakayesema, "Anti Benta, afadhali umekuja, tuchukue."

Lakini Lornah alisema kwa sauti ya chini, "Nyamaza. Tuma Tom Kaloleni mbio. Huyu nitakaa naye mimi."

Tom akaruka nje kupitia dirishani. Benta akaingia mlangoni.

* * *

Benta alikuwa mwanamke wa kimo na kifua, mwenye kitambaa cheupe cha kanisa kichwani na mkoba mkubwa mweusi. Aliketi kwenye kiti cha Dalmas bila kukaribishwa. Akatazama kamba ya nguo iliyopita katikati ya sebule. Akatazama cherehani, na mtoto mdogo aliyefungwa mgongoni mwa Kageha, akinyonya ncha ya leso. Mwishoni akatazama miguu ya Kageha. Mguu mmoja ulikuwa na patipati ya bluu, mwingine nyekundu ya Tom.

"Nyar Maragoli," alisema, yaani binti wa Maragoli, "naona una kazi."

"Kazi kidogo tu, Mama Dishon," alisema Kageha, akimwita Benta kwa jina la mwanawe, na mafuta yakamdondoka kidoleni hadi sakafuni.

"Watoto wa dada yangu wako wapi?"

Lornah alisogea akamsalimu. Obiero, mdogo wake Lornah, alitolewa chini ya meza akasalimu. Benta alihesabu kwa macho.

"Na Aoko?"

Lornah akamsogeza Saumu nyuma yake.

Kageha aliapa baadaye kwamba alikusudia kusema kweli. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni. Lakini Benta hakungoja. Alimwona Saumu amesimama nyuma ya Lornah, mwenye kipara na rinda la manjano, akamvuta kifuani.

"Aoko! Nyathina! Mtoto wangu! Tazama alivyokua! Tazama macho haya, macho ya Risper kabisa!"

Lornah akamtazama Kageha. Kageha akamtazama Lornah. Kwa mara ya kwanza tangu wajuane, walikubaliana jambo bila kusema neno.

Kageha akafunga mdomo wake.

Saumu naye hakuwa mtoto wa kukataa bahati. Alikumbatiwa akatulia. Benta alifungua mkoba, akatoa ndizi mbivu, na Saumu akazila kama mtu aliyekuwa Aoko tangu kuzaliwa.

"Idhi nade, nyathina?" Benta akamuuliza kwa Kijaluo, u hali gani mwanangu.

Saumu alielewa kwamba anajuliwa hali. Akameza ndizi, akajibu alivyofundishwa kwao:

"Alhamdulillahi."

Mkono wa Benta ulisimama juu ya kile kipara.

"Amesema nini?"

"Anakohoa," alisema Kageha.

"Amesema Alhamdulillahi."

"Ni... ni majirani, Mama Dishon. Watoto huokota maneno."

"Mmewasilimisha watoto wa dada yangu?" Benta alisimama. "Risper alikuwa mwimbaji wa kwaya! Dalmas anajua jambo hili?"

"Hapana! Yaani, hakuna jambo la kujua!"

"Aoko," Benta aliinama, "hebu sali sala ya Baba Yetu, anti asikie."

Saumu aliwaza. "Baba yetu," alisema, "yuko Port Victoria. Ananunua samaki."

Lornah aligeukia ukuta, mabega yakimtingishika. Kageha hakuweza kujua kama analia au anacheka, na hakuwa na nafasi ya kuuliza, kwa sababu dakika ile ile mlango ulifunguka kwa kishindo na Tom akaingia akitweta, jasho likimtiririka.

Tom alikuwa mwana wa Kageha kabisa, na kama mama yake, hakuwahi kujua kusema jambo polepole.

"Mama! Aoko hataki kurudi! Amesema anakaa huko huko!"

* * *



Benta alimtazama Tom. Akamtazama Saumu. Akaitazama ndizi.

"Aoko yupi hataki kurudi?"

Basi ikabidi kusema. Kageha alisema yote, na kama kawaida yake alianza mahali pabaya.

"Mama Dishon, sijampoteza. Nimembadilisha tu."

"Umem-nini?"

"Hapana, wamebadilishana wenyewe. Mimi nilikuwa nafua. Walivaliana nguo. Nilihesabu vichwa, na vichwa vilitimia! Vyote vilikuwa vipara!"

"Kwa hivyo watoto wa dada yangu unawahesabu kama mbuzi."

Na kweli ndivyo Kageha alivyokuwa akiwahesabu. Kila jioni alisimama mlangoni, akagusa kila kichwa kilichopita, na kikikosekana kimoja akapiga kelele. Alijivunia utaratibu huo. Alikuwa hata amewafundisha wanawake wengine kwenye chama cha kanisa.

"Twende," alisema Benta. "Na Lornah, funga nguo zako. Na za Obiero."

Lornah hakusogea.

"Umesikia, Lornah?"

"Kwanza tumlete Aoko, anti," alisema Lornah, na akatoka wa kwanza.

Waliondoka kama msafara wa harusi isiyo na bibi harusi. Mbele Tom akionyesha njia ambayo kila mtu anaijua. Nyuma yake Benta na mkoba wake, kisha Lornah akimshika Saumu mkono, kisha watoto wengine wote, kwa sababu hakuna aliyekubali kukosa. Mwisho Kageha, mtoto mgongoni, patipati ya bluu na nyekundu zikipiga kelele kila moja kwa sauti yake. Wanawake waliokuwa wakingoja maji kwenye bomba waliacha ndoo zao.

"Mama Tom, kuna msiba?"

"Bado," alijibu Kageha.

* * *

Zeituni, mama yake Saumu, alikuwa uani kwake Kaloleni, akisukuma chapati. Alipowaona alifurahi, akapangusa unga mikononi.

"Karibuni! Mbona mmekuja na watu wote? Si ulisema watoto walale mpaka kesho?"

"Nani alisema?" aliuliza Kageha.

"Aoko. Alikuja hapa akaniambia, 'Mama Tom amekubali mimi nilale kwenu na Saumu alale kwetu.' Nikasema Mama Tom ana roho nzuri, ameona mtoto wangu yuko peke yake."

Hapo Kageha alielewa, na lile halikuwa kichekesho tena. Hakuna aliyepotea. Hakuna aliyekosea njia ziwani. Mtoto wa miaka sita alikuwa amevua nguo zake kwa makusudi, akampa mwenzake, akamfuata mwanamke mwingine, na kudanganya vizuri ili asirudishwe.

Aoko alikuwa ameketi kwenye mkeka chini ya ukuta, amevaa gauni la Saumu lenye mikono mirefu. Mbele yake palikuwa na chapati nzima na yai zima la kuchemsha ambalo hajaligusa. Alikuwa akilitazama tu.

Alipomwona Kageha, alilificha nyuma ya mgongo.

"Aoko," alisema Benta kwa sauti ya asali, huku akimsogelea. Safari hii alimtazama uso kwanza. "Sema bila kuogopa. Anti yuko hapa. Wanakupiga?"

Aoko alitikisa kichwa.

"Wanakunyima chakula?"

Alitikisa kichwa tena.

"Basi kwa nini ulitoroka?"

Mtoto aliangalia vidole vya miguu yake. Kisha alisema, polepole, kama anayeshtaki mwalimu wake mwenyewe:

"Mama Tom hanijui jina."

"Nani? Mimi?" Kageha alipiga kifua. "Mimi sikujui jina? Wewe Lornah, Tom, Obi... Nasipwo... Aoko!"

Tom akainamisha kichwa.

Hata Zeituni alitazama chapati yake.

"Umeona?" alisema Aoko, na machozi yakaanza. "Kila siku mimi ni wa mwisho. Huanza na Lornah, halafu Tom, halafu Obiero, halafu Nasipwondi, ndio anifikie. Siku nyingine hanifiki. Ananiita 'wewe.' Mama Zeituni ameniita Aoko mara ya kwanza tu. Hakukosea."

Benta alinyooka. Usoni mwake kulikuwa na ile furaha ya mtu aliyesafiri mbali akakuta kweli ndivyo alivyofikiri.

"Nimesikia ya kutosha," alisema.

Kageha aliketi chini kwenye vumbi la ua wa watu, mtoto mgongoni na yote. Angesema nini? Kwamba asubuhi moja alimwita Dalmas mwenyewe majina ya watoto wote kabla ya kupata lake? Kwamba Jumapili iliyopita, akiomba kanisani, alimwambia Mungu, "Ee Tom"? Alianza kucheka. Kicheko kikamgeukia katikati, na akajikuta anapangusa macho kwa mkono wenye mafuta, na mafuta yakaingia machoni, na sasa alikuwa akilia kwa sababu mbili.

"Ni kweli," alisema. "Majina yananimwagika. Nikifungua mdomo yanatoka yote, kama nyanya kwenye gunia lililotoboka. Aoko, ni kweli kabisa."

"Basi unakubali humjui mtoto," alisema Benta.

"Jina lake hunipotea. Sikusema simjui."

"Unamjua nini?"

Kageha alipenga kamasi kwa leso. Hakumtazama Benta. Alikuwa akisema na lile yai lililofichwa.

"Nusu yake ya yai haiondoi ganda mpaka kila mtu amemaliza yake, ili awe wa mwisho kula. Akilala lazima ashike ndewe ya sikio la mtu, na huanza na la Lornah, lakini Lornah hujigeuza, kwa hivyo usiku mwingi ni sikio langu. Anaogopa bata, haogopi ng'ombe. Akianza kukohoa anataka maji ya moto kabla saa moja haijapita, la sivyo kifua kinafunga. Alimuuliza baba yake kama mama yake Risper alikuwa na nywele ndefu, na baba yake akashindwa kujibu, nikamwambia mimi ndio, zilikuwa ndefu, ingawa sikuwahi kumwona. Sasa nimesema uongo wangu mbele ya watu."

Zeituni alikuwa ameacha kusukuma chapati.

"Zilikuwa ndefu," alisema Benta, bila kukusudia. Kisha akajikaza. "Hayo ni maneno. Mama ambaye hawezi kutofautisha mtoto wake na wa jirani..."

"Anti," alisema Lornah.

"Usinikatize."

"Anti, wewe ulimkumbatia Saumu."



"Ulisema ana macho ya mama," Lornah aliendelea. Hakuinua sauti. "Ulimlisha ndizi. Ulimuuliza hali kwa Kijaluo. Mama Tom alishamgundua kabla hujafungua mlango. Wewe usingemgundua kama Tom asingeingia. Ungeenda naye Bondo."

Tom, ambaye hakujua mipaka, aliangua kicheko. Nasipwondi naye. Kisha Zeituni, ambaye alijaribu kujizuia kwa kuuma ncha ya mtandio wake akashindwa. Mwishowe hata Aoko alicheka, machozi bado mashavuni, na yai likamtoka mgongoni likabingirika hadi kwenye mguu wa Benta.

Benta aliliokota. Aligeuza yai lile mkononi kwa muda mrefu kidogo.

"Kipara ni kipara," alisema. "Mtu yeyote angekosea."

"Ndivyo nilivyosema mimi," alisema Kageha kutoka chini.

* * *

Lakini Aoko alikuwa bado kwenye mkeka.

Kageha alitambaa akamkaribia, maana kusimama na mtoto mgongoni kungemchukua muda.

"Mimi nyumbani sina yai zima," alimwambia. "Sitakudanganya. Na kesho nitakuita Tom. Huyu Tom mwenyewe ananijibu nikimwita Nasipwondi. Unataka nifanye nini?"

Aoko aliwaza.

"Nibebe," alisema. "Mpaka nyumbani. Mimi. Si huyo."

Huyo alikuwa mtoto wa mgongoni, ambaye tangu azaliwe hajawahi kujua kwamba mgongo ule una wapangaji wengine. Kageha alifungua leso. Alitazama huku na huku amkabidhi nani. Tom alikuwa akila chapati ya Aoko. Lornah alikuwa amemshika Saumu, ambaye alikuwa ameanza kupiga kelele kwamba harudi kwao, kwamba kwao hakuna mtu wa kupigana naye, kwamba anataka Nyalenda. Zeituni alikuwa akimbembeleza, na tabasamu lake lilikuwa limepungua.

Kageha alimpa Benta mtoto.

Benta alimpokea kabla hajafikiri, kama mwanamke yeyote anavyompokea mtoto. Alipofikiri, alikuwa tayari ameshamshika: mtoto wa Dalmas na mwanamke aliyechukua mahali pa dada yake. Mtoto alimtazama. Akashika kitambaa cheupe cha kanisa, akakivuta. Kisha akamkojolea.

"Pole, Mama Dishon," alisema Kageha, akimfunga Aoko mgongoni kwa leso. Miguu ya Aoko ilikuwa mirefu mno, ikining'inia huku na huku kama ya mbuzi wa kuchinjwa. "Hufanya hivyo kwa watu anaowapenda."

Benta alimgeuza mtoto upande mkavu, akaanza kutembea.

Zeituni alimkubalia Saumu aje kucheza Nyalenda kila Jumamosi, na hapo tu ndipo kelele zilipokoma.

* * *

Jua lilikuwa bado linachoma mabati walipokaribia nyumbani. Benta alipunguza mwendo akawa sambamba na Kageha. Walitembea hivyo kwa muda, mmoja amebeba mtoto wa mwenziwe, na mwingine vivyo hivyo.

"Sikuja kuchukua watoto," alisema Benta ghafla.

Kageha alijikwaa. Patipati nyekundu ilikatika. "Nini?"

"Ningewapeleka wapi? Mimi mwenyewe nina wangu, na mume wangu hana kazi tangu mwaka jana. Nilisema Lornah afunge nguo kwa hasira." Benta alivuta pumzi. "Nilikuja kutazama nyumba yako. Kama ina nafasi."

"Nafasi ya nini? Mama Dishon, wewe umeona kamba ya nguo. Tunainama kupita."

"Ni mama yetu. Mama yake Risper. Ana mtoto wa jicho."

"Mtoto mwingine!" alisema Kageha, kwa kweli kabisa, kabla akili haijafika.

"Mtoto wa jicho, Nyar Maragoli. Ugonjwa. Macho yote mawili yamefunga. Daktari wa hapa Kisumu amekubali kumpasua, lakini lazima akae karibu na hospitali wiki nyingi. Sisi Kisumu hatuna mtu. Tuna wewe tu."

Kageha alisimama katikati ya njia. Mzee huyo Kageha alimjua kwa sifa tu. Siku Dalmas alipooa tena, mama huyo alituma neno kwamba hatakanyaga nyumba ambayo mwanamke mwingine anapikia kwa sufuria za binti yake. Isitoshe, mama mkwe wa Kijaluo hakai wala halali kwa mkwewe hivi hivi tu. Ni aibu kwake na kwa mkwe.

"Amekubali?" aliuliza.

"Hajui. Anafikiri anapelekwa kwa rafiki yangu wa kanisa." Benta alikwepa macho yake. "Nimemwacha stendi, hoteli moja ya chai, nije nikuulize kwanza. Sasa nimechelewa kwa sababu ya mambo yako ya vipara."

"Baba Lornah hupitia stendi akitoka kazini," alisema Kageha polepole. "Akimwona atamleta."

Wakatazamana. Wakaanza kukimbia, kila mmoja na mzigo wake, Aoko akipiga kelele za furaha mgongoni.

Walikuwa wamechelewa. Mbele ya nyumba baiskeli ya Dalmas ilikuwa imeegemezwa ukutani, na kwenye kiti cha nyuma kulikuwa na kikapu kilichofungwa kwa kamba ya mkonge. Dalmas mwenyewe alikuwa amesimama nje, mbali na mlango, kofia mkononi, kama mvulana aliyefukuzwa darasani. Hangeweza kuingia mama mkwe akiwa ndani.

"Nimemkuta pale stendi akiulizauliza," alisema. "Ningemwachaje? Nimesukuma baiskeli, yeye akashika kiti nyuma. Hakusema neno njia nzima. Sijui kama amejua mimi ni nani."

Lornah alikuwa ameshatangulia. Alifika kizingitini, akachungulia, akashtuka. Kisha akageuka na kupaza sauti kwa wale walio nje, na jina likamtoka mdomoni bila kupita kwenye akili:

"Mama! Mama, njoo haraka! Dani yuko hapa!"

Wote walisikia. Dalmas aliinua kichwa. Kageha aliganda na mguu mmoja mtupu, asijue kama ni yeye aliyeitwa, na ilibidi Aoko amgonge begani ndipo asogee.

Dani, yaani nyanya yao, alikuwa ameketi wima kwenye kiti kile kile cha Dalmas, fimbo katikati ya magoti. Macho yake yalikuwa meupe kama maziwa. Alikuwa amegeuzia sikio mlangoni.

"Lornah," alisema. "Mama yako nilimzika mimi mwenyewe. Umemwita nani?"

Lornah alimtazama nyanya yake, akamtazama Kageha, kisha akaushika mkono wa Kageha, ule wenye mafuta, akamvuta hadi mbele ya kiti na kuuweka ndani ya mkono wa yule mzee.

Vidole vilivyokauka vilifunga juu ya mkono huo. Vilipapasa kidole kimoja kimoja. Vikapanda juu, vikakuta mguu wa mtoto unaning'inia, vikaufuata mpaka wayo, na hapo vikasimama.

"Tokeni nyote," alisema kikongwe. "Benta, wewe pia. Beba watoto." Hakuuachia ule mkono. "Huyu abaki. Nina neno ambalo Risper aliniachia kabla hajafa, nimpe mwanamke atakayewalea watoto wake."